Pikipiki ya kwanza ya kijana Malindi: gawa pesa kwanza, chuma utachagua baadaye

Kijana amemaliza fomu foo, amepata kibarua hotelini Casuarina ama Watamu, zamu yaisha saa tano usiku, tuktuk ya kurudi Maweni saa hizo yamla nusu ya posho, na nyumbani washaanza kusemezana habari ya pikipiki. Mama hataki kusikia, baba yuko nusu nusu, mjomba aliye Mombasa ndo asema "mnunulieni tu". Huu mwongozo ni wa nyumba kama hiyo. Nazungumzia pikipiki ya kwenda kazini na kurudi, sio ya kubeba abiria, manake boda ni habari nyengine na hata leseni yake ni nyengine.

Umri na leseni kabla ya kitu chochote

Hapa ndo watu huruka alafu baadaye wanalia. Kenya kijana wa miaka 16 anaruhusiwa leseni ya A1, na hiyo ni vipikipiki vya injini isiyozidi 50cc, ambavyo kusema kweli ukizunguka Malindi nzima hutaviona dukani. Pikipiki hizi tunazozijua sote, za 100 kwenda juu, zataka A2 na A2 yaanzia miaka 18. Kwa hivyo kijana wa miaka 17 juu ya Boxer hana leseni, hata awe anaendesha vizuri kuliko babake. Na sio mambo ya polisi tu. Akigonga mtu, kampuni ya bima inaweza kumlipa aliyeumia alafu ikageuka ikawadai nyinyi, hapo utauza shamba la Ganda kwa ajili ya safari ya kwenda kununua mkate.

Kama bado ana 17 basi huu mwaka ni wa kuweka pesa. Akifika 18 afanye kitambulisho, afungue akaunti ya eCitizen (mtandao wa huduma za serikali) na PIN ya KRA, watu wa ushuru, aingie skuli ya udereva achukue masomo ya A2 KABLA hamjanunua. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu watu hufanya kinyume, pikipiki yaja kwanza, yakaa uani, na kijana gani ataiangalia wiki mbili bila kuigusa? Alafu faida nyengine, akishafunzwa kwa pikipiki ya skuli anakuwa ajua mwenyewe kama miguu yafika, kama klachi ngumu yamshinda, hapo hata dukani anachagua kwa akili yake sio kwa picha za tiktok.

Gawa pesa kabla hujaenda kutizama chochote

Sasa hapa mnisikize vizuri, manake ndo penyewe. Bei ya pikipiki ni kipande tu cha gharama ya pikipiki. Mtu ana laki na ishirini mfukoni, anaona pikipiki ya laki na kumi na nane, anashukuru Mungu zimebaki elfu mbili za petroli. Helmeti? Ile iliyokuja nayo. Bima? Mwezi ujao. Tairi ya nyuma imekuwa kipara? Itavumilia. Huyo kijana mmempa mtihani sio pikipiki.

Mimi laki na ishirini ningeigawa hivi: chuma chenyewe kisizidi elfu 85, helmeti na nguo 12, bima na kukagua rekodi na kubadilisha umiliki tenga 8, na ile 15 iliyobaki ni ya fundi mwezi wa kwanza, kwa sababu hakuna pikipiki ya mkononi isiyodai kitu mwezi wa kwanza, iwe tairi, cheni, breki ama betri. Kama kwenye 85 hakuna cha maana basi ngojeni mwezi mmoja miwili muongeze. Kuchota kwenye ile 12 ya helmeti ndo marufuku.

Mpya sikuhizi, hizi za 125 na 150 za kawaida, tarajia laki na nusu kwenda laki mbili na zaidi kulingana na aina na mwezi wenyewe. Mkopo wa lipa pole pole upo kila kona na wauzaji wake ni wachangamfu sana, ila fanya hesabu ya jumla usifanye ya siku. Chukua mfano unaambiwa mia nne kwa siku, miezi kumi na nane. Mia nne mtu haogopi. Zidisha na siku 540, ni laki mbili na elfu kumi na sita, bado hujaweka ile deposti ya mwanzo. Mwenye boda anazirudisha kwa abiria, kijana wa mshahara wa hotelini msimu ukiisha Aprili, wageni wakaondoka, hiyo mia nne aitoa wapi? Na nyingi za mkopo zina kifaa cha kufuatiliwa, ukichelewa yazimwa hapo hapo ilipo.

Petroli isikuogopeshe, hizi ndogo zakwenda kilomita kama 45 mpaka 55 kwa lita zikiwa na afya. Maweni mpaka Watamu kwenda na kurudi ni lita moja na kitu. Bei ya petroli ya EPRA, mamlaka ya kawi, hutangazwa tarehe 14 kila mwezi, iweke kwenye hesabu.

Ipi sasa?

Kwa anayeanza kuendesha ningebaki kati ya 100cc na 125cc, na 150 iwe mwisho. Sio kwa sababu 150 ni mbio sana, Boxer BM150 injini yake ni 144.8cc na imetengenezwa kubeba mzigo sio kukimbia, ila uzito unaongezeka, na mtu mwepesi wa miaka 18 akisimama kwenye mchanga wa pembeni mguu mmoja ukiteleza pikipiki nzito yamlalia. 125 yatosha kabisa kwenda Watamu, Mambrui, mpaka Kilifi kukiwa na haja.

Majina ni yale yale mwayajua: Boxer, TVS HLX (kuna ya 100, 125 na 150), Honda Ace 125. Mtu wa kwanza kuulizwa ni fundi wa mtaani kwenu, kabla ya muuzaji. Mwulize swali moja tu: "Fundi, ikiniharibikia Jumapili jioni, spea yake naipata wapi?" Akikwambia hapo dukani mbele ya stendi, sawa. Akianza kukuna kichwa akwambia "yaagizwa Mombasa", hiyo wacha. Ndo maana Boxer na TVS zinashinda hapa kwetu hata kama hazina urembo, klachi kebo yake waipata mpaka Gongoni. Za Kichina za bei rahisi sio zote mbaya, ila nyingi rangi na taa zakufa haraka na siku ya kuuza hazina bei.

Vijana wengi watataka Pulsar ama Apache, zile za michezo. Nawaelewa, ni nzuri kwa macho. Lakini mtu anakaa amejiinamia mbele, plastiki zake zikianguka mara moja tu bei yake utaitafutia kikao cha ukoo, na nguvu yake yaja haraka kwenye mkono ambao bado haujui kupima eksileta. Ya kwanza itaanguka, kuanguka kule kwa kusimama ama kwa kugeuza uani, kwa hivyo nunua chuma ambacho kikianguka unainua, unanyoosha lever ya breki, unaenda.

Zile ndefu za mashirika, Honda XL na Yamaha DT, zinauzwa mnadani mara kwa mara. Kama kijana ni mrefu na nyumbani ni ndani huko njia ya Langobaya ama Marafa, XL ni chuma. Kwa mfupi wa Shella hapa, hapana. Skuta zile zisizo na gia ni rahisi kuendesha ila magurudumu madogo na mashimo yetu hayapatani. Za umeme, mfano Roam na Spiro, ni kimya na hazina oili, lakini usitie hela kabla hujaona kwa macho yako pa kuchaji ama kubadilisha betri kwenye njia unayopita kila siku, ahadi ya "tunafungua karibuni" haisukumi pikipiki.

Alafu mkishaipata inayopendeza, kijana aikalie. Yeye mwenyewe, sio mjomba. Unyayo wote wa mguu mmoja ufike chini sawasawa, na ule mwengine angalau nusu ya mbele ya unyayo. Aishike na kuisukuma kurudi nyuma akiwa amekaa, aitoe kwenye stendi kubwa na kuirudisha bila kusaidiwa. Vidole vifike kwenye klachi bila kujinyoosha. Na aulize gia zakwenda vipi, kuna zinazokanyagwa zote mbele na kuna zile ya kwanza chini nyengine juu, mtu aliyezoea moja akipanda nyengine anaweza kushusha gia akidhani apandisha.

Kukagua ya mkononi, Malindi style

Jambo la kwanza, injini iwe baridi. Mwambie muuzaji kwenye simu usiiwashe mpaka nifike, alafu ukifika kabla ya salamu hazijaisha weka kiganja karibu na silinda. Ikiwa moto ujue kuna kitu kimefichwa, aidha yasumbua kuwaka asubuhi ama moshi wa mwanzo hawataki uuone.

"Shekhe, mbona yachemka?"

"Aaah, nimetoka nayo petroli stesheni tu ami."

Sawa, kaa, kunywa kahawa, ngoja saa nzima. Kama hana saa moja ya kukusubiri basi aende nayo.

Kitu ambacho miongozo ya Nairobi haikwambii ni chumvi. Pikipiki ya Malindi inaliwa na bahari polepole hata kama haijafika ufuoni, na wakati wa kusi upepo waleta chumvi mpaka ndani ya nyumba. Lakini mbaya zaidi ni zile zilizobeba samaki. Kreti yafungwa nyuma kutoka Mayungu ama Ngomeni, barafu yayeyuka, na yale maji ya chumvi yanatiririka safari nzima kwenye cheni, kwenye ringi ya nyuma na kwenye ule mkono wa fremu unaoshika gurudumu la nyuma. Juu yapakwa rangi, tangi yang'ara, stika mpya. Wewe inama. Lala chini kabisa kama lazima, uchafuke. Tizama chini ya silensa, mahali mkono wa nyuma umeunganishwa na fremu, chini ya vibao vya miguu. Gonga kwa spana polepole. Chuma kizima chalia, kilichooza chajibu sauti bubu na vumbi jekundu laanguka. Fungua kiti utizame nyaya, shaba ikiwa imegeuka kijani kwenye maungio basi matatizo ya taa na stata utakuwa nayo milele. Mulika ndani ya tangi kwa tochi ya simu. Na unuse chini ya kiti, sicheki, harufu ya samaki haiondoki kwa sabuni ya unga.

Baada ya hapo, shingo. Weka stendi kubwa, mtu mmoja akandamize nyuma ili gurudumu la mbele linyanyuke, geuza usukani pole pole kulia kushoto. Uende laini. Ukihisi pale katikati panakwama kidogo, bearing za shingo zimekwisha. Shika gurudumu la mbele chini, livute mbele nyuma, lisicheze. Fanya hivyo na la nyuma kwa upande. Shokabu za mbele ziwe kavu, zikiwa na oili iliyoganda na vumbi seal zimepasuka. Kwenye shingo hapo hapo angalia kama fremu imechomewa welding, ukiona welding isiyofanana na ya kiwandani, aga vizuri uondoke, hiyo iligonga kitu.

Cheni ivute kutoka nyuma ya sproketi. Ikiachana na meno ukaona mwanga, na meno yenyewe yamekuwa makali kama ya papa, hesabu seti nzima, cheni na sproketi zote mbili, usibadilishe moja moja. Sio sababu ya kukataa pikipiki lakini ni sababu ya kushusha bei. Tairi vilevile.

Sasa washa. Kwanza kiki, alafu stata, zote zifanye kazi. Moshi wa bluu unaoendelea maana yake oili yaungua, ringi za pistoni ama valvu, hiyo ni kufungua injini. Mweusi ni petroli nyingi, kabureta ama filta ya hewa chafu, huo ni mdogo. Chomoa kijiti cha oili: nyeusi ni ya kawaida kwa watu wavivu, ikiwa kama chai ya maziwa basi maji yameingia, na ukikumbuka mvua za masika barabara zingine hugeuka mito utajua yametoka wapi. Sikiliza ikiwa imetulia. Tiki tiki nyepesi juu ni tapeti, fundi aziweka sawa kwa bei ndogo. Mlio mzito wa ndani kabisa chini, ngu-ngu-ngu, unaokua ukipandisha eksileta, kimbia.

Aiendeshe mtu mwenye leseni na uzoefu, na wewe mfuate nyuma na pikipiki nyengine. Ukiwa nyuma utizame kama magurudumu mawili yafuata mstari mmoja. Ikienda upandeupande kama kaa, fremu imepinda. Gia zote ziingie bila kutoka zenyewe, breki zote mbili zishike bila kuvuta upande.

Na mileji usiitie maanani sana. Waya wa spidi hukatwa. Tizama vibao vya miguu, mpira wa gia, na vishikio, chuma kikiwa kimetokeza kwenye kibao cha abiria na dashibodi yasoma kilomita elfu tisa, haya jamani.

Karatasi

Haraka haraka kwa sababu sheria yake ni fupi: hakuna pesa kabla ya rekodi. Ingia kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen, lipia rekodi ya hiyo namba, ni shilingi mia tano na kitu, utaona jina la mwenyewe na kama kuna kampuni ya mkopo bado imeshikilia. Jina lifanane na kitambulisho cha aliye mbele yako. Akisema "ni ya kaka yangu yuko Saudia", basi kaka aamke huko Saudia aidhinishe mwenyewe kwenye akaunti yake, sikuhizi yote yafanyika kwa simu. Namba ya chasis kwenye shingo na namba ya injini uzilinganishe na rekodi herufi kwa herufi, na upitishe kidole juu ya zile namba, palipokwaruzwa au kupakwa rangi upya hapahitaji maelezo. Umiliki ubadilishwe siku hiyo hiyo mkiwa mmekaa pamoja, pesa itumwe mkiwa pamoja. Logbook, yaani hati ya umiliki, ya mkononi bila kubadilisha jina ni deni linalokungoja.

Bima ya lazima ni ile ya kulipa watu wengine, na jueni kwamba hiyo haimtibu kijana wenu wala haitengenezi pikipiki yake. Kama mwaweza kuongeza bima ya ajali ya dereva mwenyewe, ongezeni, sio ghali hivyo.

Helmeti na nguo

Helmeti itoke kwenye ile 12 na ichukue nyingi yake. Tafuta ya uso mzima, iwe na alama ya ubora ya KEBS (shirika la viwango la Kenya) ama ECE (ya kimataifa) ndani yake, na usiamini stika ya nje peke yake. Aivae, afunge kamba, aijaribu kuivua kwa kuisukuma kutoka kisogoni kuja mbele. Ikitoka, sio yake. Ibane mashavu mpaka asikike anaongea kama mtu ana andazi mdomoni, hiyo ndo saizi, sponji itapungua yenyewe. Ya mkononi usinunue, huwezi kujua imeanguka mara ngapi. Kwa mabinti wanaovaa hijabu, pimeni helmeti na mtandio mwembamba wenyewe atakaouvaa, bila pini.

Jaketi ya kuakisi mwanga ni sheria kwa dereva na abiria, kama helmeti. Viatu vya kufunika kifundo, najua joto la Machi, lakini ndala na kiki ni hadithi ambayo kila fundi hapa Malindi ameiona. Glavu hata za mia tano za ngozi, mtu akianguka mkono ndo watangulia.

Miezi mitatu ya kwanza

Ikiwa mpya, kilomita 500 za mwanzo isikimbizwe, na oili ya kwanza imwagwe hapo. Ikiwa ya mkononi, siku hiyo hiyo badilisha oili, filta ya hewa isafishwe, plagi mpya, na nati zote zikazwe. Kila wiki cheni ipakwe oili, na kila ikipita karibu na bahari ioshwe kwa maji baridi ya bomba, sio ya kisima cha chumvi, watu huosha chumvi kwa chumvi alafu washangaa kutu. Turubai la plastiki usiifunike usiku kucha, lashika unyevu, bora chini ya bati penye hewa.

Kijana mpeni masharti yanayoeleweka: miezi mitatu hakuna abiria, hata dadake. Wiki za mwanzo mchana tu, Lamu Road asubuhi mapema kabla tuktuk hazijaamka, alafu polepole afike Gede. Safari ya Mombasa peke yake bado. Afunzwe breki zote mbili kwa pamoja, ya mbele ikivutwa pole pole sio kunyakuliwa, na huko Casuarina penye mchanga juu ya lami ashike ya mbele kwa vidole viwili tu na apunguze mwendo kabla ya kona, sio ndani yake. Akivuka Sabaki wakati wa kusi upepo hupiga kwa ubavu, na malori ya chumvi kutoka Gongoni yakimpita yanaukata ule upepo alafu yanamwachilia ghafla, kwa hivyo mabega yawe malegevu, magoti yabane tangi, na asiwe pembeni kabisa ya lami.

Baada ya wiki mbili irudi kwa fundi hata kama haina kitu. Nati za ringi, spoki, cheni na bolti za injini huwa zimelegea kidogo, dakika ishirini yamaliza kila kitu, na kijana awe amechuchumaa hapo akishika spana yeye mwenyewe.